Dola milioni 304 za msaada Namibia, na ng'ombe wa kaskazini bado kafungiwa getini

Wakuu, tangu Marekani ifunge bomba la misaada mwaka 2025 watu wanalia kama wamefiwa. Nimekaa kimya, nimeshindwa. Mimi Mtanzania, nimeoa Namibia, wakwe zangu ni wafugaji huko Omusati, mkoa wa kaskazini. Niacheni niteme nyongo.

Mwaka 2008 Marekani kupitia MCC, shirika lao la misaada ya maendeleo (walewale waliotunyima mkataba wetu wa pili 2016 baada ya uchaguzi wa Zanzibar) walisaini na Namibia dola milioni 304.5 za elimu, utalii na kilimo. Mradi ukaisha 2014. Elimu sina neno, shule 47 zilijengwa na kukarabatiwa, vitabu vikafika vijijini. Utalii nao, hifadhi ya wanyama ya Etosha ikapata nyumba za wafanyakazi. Haya.

Ugomvi wangu ni ng'ombe. Kwa pesa hizo wafugaji wa kaskazini walifundishwa kuchunga kwa pamoja: leteni ng'ombe wenu liwe kundi moja, mlihamishe kwa zamu ili nyasi zipumue. Watafiti waliofuatilia jambo hilo miaka na miaka wakachapisha majibu 2022. Usimamizi wa malisho uliboreka. Nyasi? Hazikuongezeka. Kipato cha mfugaji? Palepale. Yaani watu wamejua kuendesha vikao!

Sasa kuna kitu wenyeji wanakiita Mstari Mwekundu. Ni uzio wa mifugo unaokata nchi vipande viwili, chanzo chake ni sotoka, tauni ya ng'ombe, ya 1896 wakati wa Wajerumani. Leo sababu inayotajwa ni ugonjwa wa miguu na midomo. Kusini mwa uzio ndiko kwenye mashamba makubwa waliyogawiana walowezi, kaskazini ndiko kwa weusi walioachwa nje ya uzio. Ng'ombe wa kusini anauzwa Ulaya. Wa kaskazini hata Windhoek hafiki akiwa hai, na nyama mbichi ukiibeba kwenye buti, Oshivelo, kwenye geti la ukaguzi la uzio huo, unaiacha.

Hapa ndipo damu inanichemka. Mwaka 2020 Namibia ikawa nchi ya kwanza Afrika kuuza nyama ya ng'ombe Marekani. Ng'ombe hao wa wapi? Wa kusini! Mmarekani alimpa mfugaji wa kaskazini semina, akaenda kununua nyama kwa jirani yake tajiri.

Najua mtasema ugonjwa upo na masoko yana masharti. Sawa, upo, sikatai, na ofisi za mifugo walizojengewa huko ni za kupambana nao. Lakini kama mlango wa soko umefungwa, unamfundisha mtu kunenepesha ng'ombe akamuuze wapi? Baba mkwe ana miaka zaidi ya sabini, tangu azaliwe Mstari huo upo, na uhuru ulikuja 1990.

Wale wa "msaada ni msaada, shukuruni", msinijibu kabla hamjasimama Oshivelo na kilo mbili za nyama ya harusi.