Naomba ushauri: Nianzie leja au nianzie ankara?

Binti wa Kigamboni:
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na muhula huu ndio tumeanza somo la ukaguzi wa hesabu. Katika mtihani mdogo wa wiki iliyopita tuliulizwa mkaguzi afanye nini ili athibitishe kwamba madeni yote ambayo kampuni inadaiwa na wauzaji wake yameingizwa vitabuni. Niliandika kwamba atachagua majina kadhaa kutoka leja ya wadai, yaani kitabu cha wauzaji wanaoidai kampuni, kisha atafute ankara ya kila jina. Nilipata sifuri, na pembeni mwalimu aliandika, "Mwelekeo umegeuka." Nimesoma maelezo yangu mara tatu bila kuona kosa liko wapi. Aidha, naomba kueleweshwa kwa nini mkaguzi hutoa "uhakika wa kuridhisha" tu, ilhali angeweza kukagua miamala yote.

Leja Kuu:
Pole, dada. Deni ambalo halikuandikwa kwenye leja huwezi kulichagua kutoka kwenye leja hiyo hiyo. Kosa ni hilo.

Chukua duka la jumla la vitenge Kariakoo. Marobota yameshushwa ghalani tarehe 28 Desemba na hati ya kupokelea mzigo imesainiwa, lakini ankara imefika Januari na karani akaiingiza katika mwaka mpya. Ukianzia leja ya tarehe 31 Desemba, kila jina utakalolichagua litakuwa na ankara yake, nawe utaondoka umeridhika, wakati deni la marobota yale halimo kabisa. Ukianzia hati za kupokelea mzigo za siku za mwisho za Desemba ukazifuata hadi kwenye leja, utalikuta pengo. Pitia pia malipo ya benki ya Januari na Februari, na kwa kila malipo makubwa uliza yalilipia mzigo uliopokelewa lini.

Njia uliyoiandika wewe inafaa pale unapohofia kilichoandikwa ambacho hakipo. Sote tunakumbuka uhakiki wa mwaka 2016 wa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara ilhali watu wenyewe hawapo. Mtumishi hewa hapatikani kwa kuanzia na watu waliopo ofisini, kwa kuwa hao wote utawakuta kwenye orodha ya mishahara. Hupatikana kwa kuanzia na orodha, kisha kumtafuta kila mtu aliyetajwa.

Mzee wa Vocha:
Binti yangu, nijibu hilo la pili, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani sababu ni uchache wa muda na fedha peke yake. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 200 kinasema kwamba uhakika wa kuridhisha ni uhakika wa kiwango cha juu, ila si kamili. Hata ukikagua vocha, yaani hati za kuthibitisha miamala, moja baada ya nyingine hadi ya mwisho, bado hesabu zina makadirio, kama vile kiasi cha madeni ambacho wateja hawatalipa, na hakuna vocha inayoweza kuthibitisha jambo ambalo halijatokea. Tena mtunza ghala na mhasibu wakishirikiana kughushi nyaraka, karatasi zote zitapatana.

Usiufanye ukweli huo kuwa kichaka cha kujifichia. Mwaka 1896, katika shauri la Kingston Cotton Mill, mahakama ya rufaa ya Uingereza iliwaondolea lawama wakaguzi waliopokea tu cheti cha meneja kuhusu thamani ya bidhaa, kumbe thamani hiyo ilikuwa imekuzwa. Leo utetezi huo hautoshi: kiwango namba 501 kinamtaka mkaguzi ahudhurie zoezi la kuhesabu bidhaa, isipokuwa kama haiwezekani, pale ambapo thamani ya bidhaa hizo ni kubwa kiasi cha kugusa uamuzi wa msomaji wa hesabu. Hili naomba ulishike sana, maana nimeona vijana wakibaki ofisini na orodha iliyopigwa chapa huku ghala liko mtaa wa pili.

Binti wa Kigamboni:
Nawashukuru sana, kaka na mzee wangu. Naomba mnisahihishe: nikiwa ghalani, nichague bidhaa kutoka kwenye orodha na kuzitafuta kwenye rafu ili kuthibitisha kwamba zipo, halafu nichague nyingine kutoka kwenye rafu na kuzitafuta kwenye orodha ili kuthibitisha kwamba hakuna iliyoachwa?

Leja Kuu:
Ndivyo hasa, na majaribio yote mawili yafanyike siku hiyo hiyo kabla bidhaa hazijahamishwa. Hata hivyo, Kariakoo mfanyabiashara huweza kumhifadhia mwenzake mzigo katika ghala lake. Marobota hayo utayaona na kuyahesabu bila kosa, lakini hayatakuambia ni ya nani, kwa hiyo omba ankara za ununuzi na nyaraka za forodha zenye jina la mteja wako kabla hujakubali yaingie katika mizania yake, yaani taarifa ya mali na madeni yake.