Kurudi kazini baada ya upasuaji wa saratani ya tezi dume: nianze lini, na nimweleze nini mwajiri?

Mtunza Ghala, Dar es Salaam

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina umri wa miaka 57 na ni mtunza ghala katika kampuni binafsi inayouza vifaa vya ujenzi. Baada ya kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, kuonyesha kiwango kikubwa, na kinyama kilichochukuliwa kuthibitisha saratani, nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi dume yote. Mpira wa mkojo umeshatolewa, kidonda kimefunga vizuri, na majibu ya maabara yameonyesha kwamba saratani haikuwa imetoka nje ya tezi, jambo ambalo namshukuru Mungu kila ninapoamka.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni kazi. Mwezi wa pili wa mapumziko unakaribia kwisha, na meneja amenipigia simu mara kadhaa, kwa upole lakini akitaka jibu, kwa sababu kijana anayenishikia nafasi bado hajazielewa vizuri leja za ghala. Kazi yangu ni ya kukaa na kuinuka: kuna saa za mezani na hati za kupokelea mzigo, na kuna saa za kuhesabu, kupanga na hata kushika mzigo mwenyewe pale vibarua wanapokuwa wachache. Mfuko wa saruji una kilo 50, na boksi la vigae nalo si jepesi.

Mkojo bado unanitoka ninapokohoa, ninaposimama ghafla, na zaidi jioni. Asubuhi ninakuwa mkavu hadi ninajiona nimepona, lakini ikifika saa kumi pedi ya pili imeshalowa. Choo cha ghalani kiko nyuma ya uwanja, mlango wake haufungi sawasawa, na ndani hakuna hata ndoo ya taka, kwa hiyo sijui pedi iliyotumika nitaitupa wapi bila mtu kuiona. Mke wangu anasema ningoje hadi mkojo ukome kabisa. Mdogo wangu anasema nikingoja hivyo nitakuta kazi imeshapata mwenyewe. Naomba ushauri wa mtu aliyepitia hali hii au anayeifahamu kitaalamu: nirudi lini, nirudi vipi, na mwajiri anapaswa kujua kiasi gani?

Fiziotherapia, Moshi

Shikamoo mzee. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na wanaume waliotoka katika upasuaji huu ni wagonjwa ninaowaona mara kwa mara, hivyo niruhusu nianze na hilo la jioni, kwa kuwa ndilo linalowatisha wengi bila sababu. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa mkojo. Inapoondolewa, kazi yote ya kuzuia mkojo inabaki kwa misuli iliyo chini yake pamoja na misuli ya nyonga, ambayo awali ilikuwa na msaidizi. Misuli hiyo hushinda ikifanya kazi tangu alfajiri, na ikifika jioni imechoka. Kulowa saa kumi, mwezi wa pili baada ya upasuaji, ni jambo la kawaida kabisa na halina maana kwamba kuna kitu kimeharibika. Kwa wengi hali huwa bora zaidi miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji, na inaweza kuendelea kuboreka hadi mwaka mzima. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa mama, kungoja ukauke kabisa ndipo urudi kazini kunaweza kukuweka nyumbani muda mrefu kuliko mwili wako unavyohitaji.

Saruji ni habari nyingine. Katika wiki 6 za mwanzo mgonjwa haruhusiwi kuinua kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Wiki hizo zikipita haina maana kwamba mlango umefunguliwa mpaka kilo 50: unaongeza uzito kidogo kidogo, kwa ruhusa ya daktari aliyekupasua, na ukiona damu kwenye mkojo au maumivu kwenye mshono unarudi nyuma. Kunyanyua mzigo mzito kunasukuma presha yote ya tumbo chini, na mbali na kukulowesha kunaweza kukuletea ngiri mahali penye kovu. Kwa maoni yangu, mtu wa umri wako aliyepitia upasuaji huu hana sababu ya kubeba saruji tena wakati leja zake zinamhitaji zaidi.

Mazoezi yafanye hivi. Bana misuli kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, hadi uhisi uume unavutwa ndani kidogo. Usibane makalio, usibane mapaja, wala usizuie pumzi. Shikilia kadiri unavyoweza, ukipanda taratibu hadi sekunde 10, kisha legeza kabisa kwa muda kama huo huo; mara 10 kila awamu, awamu tatu kwa siku. Usifanye zoezi wakati unakojoa. Halafu kuna jambo dogo ambalo kazini litakusaidia kuliko yote: bana kwanza, ndipo usimame, bana kwanza, ndipo ukohoe. Wagonjwa wangu wakilizoea hilo, pedi hupungua.

Usipunguze maji ya kunywa kwa kuogopa kulowa, kwani mkojo mzito hukera kibofu na choo kikikauka unajikamua vibaya. Punguza chai ya rangi, kahawa na soda zenye kafeini. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo iache kwanza. Na ukipata homa, ukishindwa kabisa kukojoa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, usisubiri siku ya kliniki; nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dereva wa Tunduma

Pole kaka, na hongera kwa majibu mazuri. Yangu ilikuwa tofauti kidogo: sikupasuliwa, nilipigwa mionzi siku tano za kila wiki pamoja na sindano za homoni, zile za kushusha homoni ya kiume, ninazochomwa tumboni kila baada ya wiki 12. Ninaendesha roli kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na ninaandika kwa sababu maelezo mengi niliyopewa yalihusu siku za matibabu, lakini siku zilizofuata ndizo zilizoamua kama ningerudi kwenye usukani.

Mionzi yenyewe haiumi. Unatakiwa uingie kibofu kikiwa kimejaa, kwa hiyo unakunywa maji kwa kipimo, unakaa kwenye benchi na kungoja zamu, na foleni ikisogea polepole unakaza meno. Uchovu haukuja wiki ya kwanza. Ulikuja taratibu, ukawa mkubwa zaidi mwishoni, na ulibaki nami wiki kadhaa baada ya mashine kuzimwa, wakati watu wa nyumbani walishaamini kwamba nimemaliza. Sindano nazo zina yake: joto linalopanda ghafla kifuani na usoni, jasho la usiku linaloloanisha shuka, usingizi unaokatika. Mtu wa ofisini aliyelala vibaya atasinzia mezani. Dereva wa roli aliyelala vibaya anaweza kuua watu. Kwa hiyo nilimwambia tajiri wangu waziwazi kwamba sitashika safari ndefu hadi nilale usiku mzima bila kuamkaamka, naye akaniweka kwanza kwenye safari fupi za bandarini, kisha Morogoro, ndipo Tunduma. Na hadi leo ninapanga vituo vyangu kwa kufuata vyoo, wala sioni aibu kumwambia utingo kwamba tunasimama.

Kilichonirudishia nguvu ni kutembea. Nilikuwa nikidhani uchovu wa saratani unaponywa kwa kulala, lakini daktari alisisitiza nitembee kila siku na nifanye mazoezi ya kuimarisha misuli, kwa sababu dawa za homoni hupunguza misuli na kudhoofisha mifupa. Kaka, anza kutembea sasa kabla hujarudi ghalani, kwa sababu huko utasimama kutwa.

Mama wa Tanga

Kaka yangu, nazungumza kama mke wa fundi seremala aliyepitia upasuaji kama wako. Mume wangu alikimbilia kazini mapema mno, na nilielewa baadaye kwamba hakukimbia umaskini, alikimbia nyumba. Nguvu za kiume zilikuwa zimepotea, hakutaka kulizungumza, na karakana ilimpa mahali pa kuonekana bado ni mwanamume. Tulipokwenda wote wawili kliniki tuliambiwa kwamba mishipa ya fahamu inayohusika hupona polepole sana, hata mwaka au zaidi, kwamba kuna dawa, na kwamba anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asijinunulie vidonge hivyo duka la dawa, kwani presha inaweza kushuka kwa hatari. Mke wako anaposema ungoje, muulize anaogopa nini hasa, kisha nendeni naye kliniki.

Afisa Utumishi

Ndugu Mtunza Ghala, nijibu upande wa mwajiri, kwa sababu tarehe zako zina uzito. Kwa kuwa uko sekta binafsi Tanzania Bara, kinachokuhusu ni kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Una haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ikiwa mwezi wako wa pili unakaribia kwisha, basi siku za mshahara kamili nazo ziko ukingoni, na hilo lifikirie sasa kabla hujaliona kwenye malipo ya mwezi. Lakini pia maana yake ni kwamba kazi haijakwenda kokote. Bado una nusu nzima ya likizo mbele yako, ilimradi upeleke cheti cha daktari, kwa sababu bila cheti mwajiri halazimiki kulipa.

Mwombe daktari asiandike tu kwamba "anaweza kurudi kazini." Sentensi hiyo itakupeleka moja kwa moja kwenye saruji. Aandike kile usichoweza kufanya na kwa muda gani: asinyanyue uzito unaozidi kiasi fulani hadi tarehe fulani, aanze kwa nusu siku kwa wiki kadhaa, aruhusiwe kwenda chooni anapohitaji, aruhusiwe siku za kliniki. Wewe peleka cheti hicho na barua fupi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Makubaliano ya simu na meneja mwema hupotea siku meneja huyo anapohamishwa, nimeyaona mengi.

Kuhusu jina la ugonjwa, si lazima liwe kwenye barua yako. Mwajiri anahitaji kujua uwezo wako wa kufanya kazi, na taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama ukiamua kumwambia meneja ana kwa ana kwa sababu unamwamini, ni hiari yako. Na ikitokea wakataka kukuachisha kwa sababu ya afya, kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinamtaka mwajiri kwanza azungumze nawe na atazame kama kazi inaweza kurekebishwa au kama kuna nyingine inayokufaa. Asipofanya hivyo, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siombi ufike huko.

Mtunza Ghala, Dar es Salaam

Nawashukuru sana, kila mmoja. Mama wa Tanga, nimemsomea mke wangu maneno yako, na Ijumaa tunakwenda kliniki pamoja. Nitamwomba daktari cheti chenye masharti kama Afisa Utumishi alivyoeleza, na nitaomba nianze kwa nusu siku, asubuhi, wakati nikiwa mkavu. Nimebakiwa na mawili: vibarua nitawaambia nini watakaponiona nimesimama tu wakati mzigo unashuka, na kliniki za kufuatilia zitanitoa kazini mara ngapi?

Fiziotherapia, Moshi

Mzee wangu, kwa vibarua inatosha kusema kwamba umepasuliwa tumbo na daktari amekukataza kunyanyua. Kila mtu anaelewa hilo na hakuna atakayeuliza zaidi. Kwa kliniki, kipimo cha kwanza cha PSA baada ya upasuaji hufanywa kati ya wiki ya 6 na ya 8, kwa hiyo chako ni sasa hivi, na kwa kuwa tezi imeondolewa tunatarajia kiwango kiwe cha chini mno, karibu na kisichopimika. Baada ya hapo, mara nyingi ni kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka. Ni kutoa damu asubuhi na kurudi kwa majibu, hivyo hutapoteza siku nyingi, lakini ratiba hiyo mpe mwajiri mapema ili aipange. Kuhusu choo, omba kitasa na ndoo yenye mfuniko kama mahitaji ya ghala zima, na hadi viwekwe tembea na mifuko midogo myeusi pamoja na pedi za akiba na suruali moja ya rangi ya giza ndani ya begi lako.