Peugeot 404 yenye injini ya Hilux inachemka ikipanda Mau Summit: ni hewa au ni rejeta?

Mwenye404, Nakuru

Waungwana, naomba ushauri. Nina Peugeot 404 ya mwaka 1967 ambayo injini yake ya awali ya lita 1.6 ilikwisha kabisa, nasi tukafunga ya Toyota Hilux, 22R ya lita 2.4, huku rejeta ikibaki ileile ya Peugeot. Hapa mjini gari halina neno, hata kwenye msongamano. Taabu huanza nikishapita Salgaa kuelekea Mau Summit: mshale wa geji hupanda hadi karibu na alama nyekundu, hushuka ghafla kana kwamba injini imepoa, kisha huruka tena juu. Nikizima injini nasikia maji yakitokota upande wa hita. Fundi amebadilisha pampu ya maji na mkanda wa feni, na sasa anataka kutoa themostati, ile valvu inayofunguka maji ya injini yakipata joto. Je, nimruhusu?

FundiKisumu

Hapana, ndugu yangu. Kutoa themostati ni mazoea ya gereji zetu nyingi, lakini hakuiongezei rejeta uwezo wowote. Injini itachelewa kupata joto lake na itakunywa mafuta zaidi asubuhi za baridi. Ukiishuku, itumbukize katika sufuria ya maji yaliyo jikoni na uitazame ikifunguka. Ila usishangae ile ya nyuzi 88 isipofunguka yote, kwa sababu kwa mwinuko wa Nakuru maji huchemka karibu nyuzi 94.

Mimi nautazama zaidi huo mshale unaorukaruka. Sensa ya joto ikizungukwa na maji hupanda na kushuka polepole. Ikipitiwa na povu la hewa au mvuke ndipo inaposema uongo namna hiyo. Kumbuka kwamba injini ya asili ya 404 ililazwa kwa nyuzi 45, na ndiyo sababu boneti na rejeta zake ziko chini. Hiyo ya Toyota husimama, kwa hiyo huenda mdomo wa kutolea maji kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, umepita kimo cha kifuniko cha rejeta, na hewa ikishakwama hapo haina pa kutokea. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha, ule ambao waashi hupimia usawa wa ukuta, ujaze maji, shika ncha moja kwenye kifuniko na nyingine kwenye hedi, kisha utuambie.

MzeeWaGari, Eldoret

Nakubaliana na Fundi kuhusu themostati, lakini rejeta tusiisamehe mapema. Mjini injini haifanyi kazi kubwa. Mlimani inachoma mafuta mengi na joto lote la ziada linapelekwa kwenye rejeta iliyoundwa kwa injini ndogo. Isitoshe, maji ya visima ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana madini, na rejeta iliyonyweshwa maji hayo kwa miaka hujaa magamba ndani ya mirija. Injini ikiwa moto na imezimwa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kuanzia juu hadi chini: ukikuta mabaka ya baridi katikati ya sehemu za moto, mirija hiyo imeziba.

Tafadhali usikimbilie kifuniko cha shinikizo kubwa. Ni kweli kwamba kile cha 0.9 bar husogeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 na zaidi, lakini rejeta kuukuu ya shaba inaweza kuachia kwenye maungio yake ya risasi.

Mwenye404, Nakuru

Nashukuru, wazee wangu. Nimepima kwa mpira: mdomo wa hedi uko juu ya kifuniko kwa vidole vitatu hivi. Mabaka ya baridi nimeyakuta pia, mawili, upande wa abiria.

FundiKisumu

Basi tuna haki sote wawili, mimi na mzee wetu wa Eldoret, lakini anza na hewa kwa kuwa ni rahisi zaidi. Funga tangi dogo la maji kwenye ukuta wa nyuma wa injini, mahali palipo juu kuliko kila kitu. Paipu nyembamba itoke sehemu ya juu kabisa ya hedi iingie juu ya tangi, na paipu nene itoke chini ya tangi iungane na ile inayorudisha maji kwenye pampu. Kifuniko chenye valvu kihamie kwenye tangi, na mdomo wa rejeta uwekewe kizibo kisicho na valvu. Unapojaza, elekeza pua ya gari mlimani, fungua hita, na uiache injini iungurume taratibu hadi povu liishe. Povu lisipoisha hata baada ya hapo, hiyo ni hewa ya silinda inayopenya kwenye gasketi ya hedi, na itabidi hedi ifunguliwe. Likiisha, peleka rejeta ikafunguliwe na kusuguliwa mirija, na siku ya kuirudisha ijaze kulanti (dawa ya kupoza injini) iliyochanganywa na maji ya mvua au yaliyotoneshwa.

MzeeWaGari, Eldoret

Na ikiwa umefunga feni ya umeme, weka karatasi mbele ya rejeta injini ikiunguruma. Ikisukumwa mbali badala ya kunaswa, na feni iko nyuma ya rejeta, nyaya zake zimegeuzwa.