Naomba ushauri: mahindi ya Handeni yanayokwenda kambini yahifadhiwe wapi?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Ushirika mmoja wa Handeni unataka kuuza mahindi yatakayoliwa Nyarugusu, kambi ya Kasulu inayohifadhi waliokimbia vita Kongo tangu 1996. Unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Kinachonisumbua ni ghala. Wengi wanataka la Tanga mjini, karibu na barabara. Lakini hewa ya pwani ikifika unyevu wa asilimia 80, mahindi makavu ndani ya viroba vya kawaida hunyonya maji hadi 15 au zaidi, hata yakiwa juu ya chaga, na kuvu huanzia hapo. Tukumbuke sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mtu wa kambini hana chakula kingine cha kuchagua.

Mifuko ya tabaka tatu inazuia, mradi panya asiitoboe. Ila kile kipimo cha kutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa hakitoshi: chumvi hugandia chupa unyevu ukipita 15 tu, kwa hiyo ya 14.5 yanapita. Kipima unyevu ni lazima. Pia tani moja ikikaushwa kutoka 18 hadi 13.5 inabaki kilo 948. Hizo 52 ziingizweje kwenye bei?

Waliowahi kuuzia mashirika ya misaada: mlihifadhi Handeni kwenyewe na kupakia viroba vya kilo 50 siku ya safari? Na sampuli mlichota viroba vingapi? Sumukuvu hujificha kwenye punje chache, kiroba kimoja hudanganya.