Taa za Defender: balbu au nyaya?

Swali: Wakuu, nina Land Rover Defender 110 ya zamani, napandisha wageni Ngorongoro alfajiri. Ukungu wa ukingo wa kreta mzito, taa zangu hafifu. Fundi anasema niweke balbu za LED. Niweke?

Jibu: Subiri kwanza, mkuu. Kwenye Defender za zamani umeme wa taa unapitia swichi ya usukani, volti zinapotelea njiani. Funga relei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme) na fyuzi, vuta waya mnene kutoka betri hadi soketi za H4, yaani za balbu za taa kubwa za mbele. Balbu zilezile za wati 60/55 zitang'aa. LED ndani ya taa ya halojeni hutawanya mwanga, na ukungu utakurudishia machoni.

Jibu: Ukibadilisha taa nzima, inchi 7, chukua za nchi zinazoendesha upande wa kushoto wa barabara kama yetu. Zilizotengenezwa kwa Dubai, wanakoendesha upande wa kulia, zinapiga macho ya anayekuja.

Muulizaji: Shukrani wakuu. Relei zinafungwa kesho.