Je, kuvuruga msimbo kunatosha kuulinda ufunguo ulio ndani ya programu ya simu?

Muulizaji, Kisumu
Wenzangu, natengeneza programu ya Android ya chama cha akiba cha wavuvi wa Dunga, ambayo husimba kumbukumbu za michango kabla ya kuzihifadhi katika simu ya mwanachama. Ufunguo ni mmoja kwa simu zote, nami nimeuandika ndani ya msimbo, kisha nikawasha R8, zana ya Android ya kupunguza na kuvuruga msimbo, ili majina ya klasi yageuzwe kuwa herufi zisizo na maana. Je, ulinzi huo unatosha? Na je, mtengenezaji wa programu za kawaida ana haja ya kujifunza uvunjaji wa maandishi fiche?

Jibu, Nakuru
Hautoshi, ndugu yangu. R8 hubadilisha majina na kuondoa msimbo usiotumika, lakini haifichi maandishi uliyoyaweka kati ya alama za nukuu, kwa hiyo yeyote atakayeifungua programu yako kwa jadx, ambayo ni zana ya bure, ataukuta ufunguo kama ulivyouandika. Hata ukiukata vipande, programu italazimika kuviunganisha inapofanya kazi, na hapo ndipo utakaponaswa. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa usimbaji, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujulikani; wewe umemkabidhi vyote viwili. Iache kila simu iunde ufunguo wake katika Android Keystore, hifadhi ya funguo iliyomo katika simu yenyewe.

Jibu, Kakamega
Naunga mkono, ila nijibu swali la pili, ambalo naliona zito zaidi. Nadhani umesimba kwa AES, njia ya kawaida ya kusimba data, lakini kwa mtindo gani? Ikiwa ni ECB, mtindo unaosimba kila kipande peke yake, kila kipande cha baiti 16 kinachofanana na kingine hutoa maandishi fiche yale yale, hivyo mtu asiye na ufunguo wowote anaweza kuona ni wanachama gani walichanga kiasi sawa, na akijua mchango wa mmoja amejua wa wote waliochanga sawa naye. Kuhesabu marudio ndiyo njia aliyoieleza mwanazuoni al-Kindi huko Baghdad katika karne ya 9, na bado inafanya kazi. Asiyewahi kuvunja hata fumbo dogo la XOR (kuchanganya biti za ujumbe na za ufunguo) kwa mkono wake huamini kwamba data isiyosomeka kwa macho imelindwa. Tumia GCM, mtindo wa AES usioacha marudio hayo yaonekane, na usirudie nonsi (namba ya kutumika mara moja tu) kamwe kwa ufunguo ule ule.

Kuvuruga msimbo kusitupwe, kwani humchelewesha anayetaka kuiga kazi yako. Hata hivyo, usiupe uvurugaji huo kazi ya kutunza siri.

Muulizaji, Kisumu
Nashukuruni sana. Ni ECB kweli. Nifanyeje na simu ambazo tayari zina data?

Jibu, Nakuru
Toleo lijalo lisimbue kwa ufunguo wa zamani, lisimbe upya kwa ule wa Keystore, kisha lifute faili za awali. Ukishahakikisha simu zote zimehama, uondoe ufunguo wa zamani katika msimbo, na tangu leo uuhesabu kuwa umevuja.