Tupeane uzoefu: uliangalia filamu iliyoshutiwa kwenu kabisa, ukaona nini?

Mpangani

Wadau, habari za jioni. Sizungumzii zile filamu kubwa za nje zinazokuja na msafara wa magari, zikapiga picha za machweo na kuondoka. Nazungumzia filamu ya mfuko mdogo, imeshutiwa mtaani kwako, unakaa unaiangalia na njia unayopita kila siku kwenda sokoni iko mbele yako.

Naanza mimi. Kwetu ni Pangani, mkoa wa Tanga. Mwaka 2015 ilitoka filamu ya Aisha, ya mwongozaji Chande Omar, iliyotengenezwa na UZIKWASA, shirika ambalo liko hapa hapa Pangani. Mwanamke aliyefanikiwa mjini anarudi nyumbani kwao, anabakwa na kundi la vijana, halafu wale wale waliompokea wanamtaka anyamaze.

Niliiona usiku uwanjani. Shuka jeupe limekazwa kati ya nguzo mbili, jenereta limefichwa nyuma ya ukuta lisitushinde kwa kelele, wanawake tuko mbele kwenye mikeka, vijana nyuma, wengine wamekaa juu ya pikipiki. Mwanzoni hakuna aliyefuata kisa. Kila picha ikibadilika watu wanapaza sauti, "Pale si kwa kina fulani!" Mtoto mmoja akainuka kwenda kugusa shuka, picha ikamwangukia mgongoni, minazi yote ikawa juu ya shati lake la shule, na mama yake akamvuta chini.

Kisha likaja lile tukio, uwanja ukanyamaza. Nimeshaona mambo hayo kwenye filamu za Nigeria na za Dar, unasikitika, unasema jamani, huko duniani. Hapa hapakuwa na huko. Minazi ni yetu, lafudhi ni yetu, hata namna ya kumwambia mtu "yaishe, ni mambo ya ndani" ni yetu. Mama yangu alishika pembe ya kanga yake akawa anaikunja na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua, mpaka mwisho.

Mjadala ulipofunguliwa hakuna aliyetaka kutangulia. Akasimama bibi mmoja mtu mzima, akasema, "Mimi yangu ilikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji," miaka ya sabini hiyo, akakaa. Basi. Hakuongeza neno. Baada yake wanawake walizungumza mpaka jenereta likaishiwa petroli, wakaendelea gizani.

Nawaulizeni nanyi: uliangalia na nani, na uliona kitu gani ambacho mtu wa mbali asingekiona?

Mtoto wa Reli

Mpangani, hiyo ya bibi imenishika koo.

Mimi ni wa Kibera. Soul Boy ya Hawa Essuman ilitoka 2010, na nilikuwa shule ya msingi wakati wanashuti. Ni hadithi ya Abila, kijana wa miaka 14, babake amepoteza roho na yeye anaitafuta kabla mambo hayajaharibika kabisa. Waliokuwa nyuma ya kamera wengi walikuwa Wakenya waliokuwa wanafunzwa kazi, wakisimamiwa na Mjerumani Tom Tykwer, na wengi wa walioigiza walikuwa watu wa mtaa. Sisi watoto tulifuata kamera siku nzima. Tuliambiwa tusiangalie lenzi, na hakuna kitu kigumu kwa mtoto kama hicho.

Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka tu kumwona mtu ninayemjua. Siku hizi naiangalia kwa sababu nyingine. Julai 2018 nyumba zetu zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Tulitoka na godoro, meko na sufuria. Picha za nyumbani hatukuwa nazo, nani alikuwa na kamera? Kwa hivyo hiyo filamu ndiyo albamu yangu. Naisimamisha katikati, nasogea karibu na skrini, naangalia mabati ya nyuma, rangi ya milango, mtaro. Nyumba yetu sijaiona ndani ya filamu. Naijua ilivyokuwa, na bado naitafuta kila nikiiweka.

Bi Mkunazini

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, Mkunazini, ila mume na kazi vimenileta Toronto. Septemba 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilioneshwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Toronto, kwenye tamasha la filamu. Riwaya ya Adam Shafi nimeisoma sekondari, Denge na Yasmin nawajua kama majirani. Nikamchukua mwanangu wa miaka 16, kazaliwa huku, Kiswahili chake cha kuombea chakula.

Zilikuwa siku za korona, barakoa usoni. Taa zikazimwa. Mwanamke akazungumza Kiunguja, nikacheka. Ukumbi kimya. Nusu dakika haijafika wenzangu wamemaliza kusoma maandishi ya chini, nao wakacheka. Ikawa hivyo mpaka mwisho: mie nacheka, wao wanafuata. Mie naguna, wao wanafuata. Nchi hii nina miaka 19, kila mahali mie ndiye ninayesubiri kuelezwa, benki, hospitali, mikutano ya skuli. Mwanangu aliligundua hilo kabla yangu. Akaacha kusoma, akawa ananitazama mie uso ili ajue kinachokuja.

Usiku nikampigia mama Unguja. Kisa kile ni cha miaka ya hamsini, enzi ya mkoloni, na yeye ndipo alipokuwa mwari. Hakuniuliza habari ya Denge wala siasa. Kaniuliza, "Wanawake wamevaa buibui la kamba?" Wallahi sikuweza kumjibu. Filamu nzima macho yangu yalikuwa kwenye kuta na vibaraza.

Kijana wa Foti

Mombasa hapa. Yangu ni fupi. Vijana wetu walitengeneza filamu yao, tukaalikwa kuiona. Mtu anafukuzwa, anatoka mbio Fort Jesus, anakata kona, anatokea Likoni, ng'ambo ya maji. Ukumbi mzima: "Na feri je?" Mwongozaji alikuwa amekaa nasi, akatueleza kwa upole kwamba kamera waliikodi kwa siku moja na pesa ya siku ya pili haikupatikana. Tulimpigia makofi. Lakini kwa kweli sikuweza kurudi ndani ya kisa tena, nilibaki pale kivukoni nikimngoja yule mtu avuke.

Mjukuu wa Kaloleni

Mimi ni Mgiriama, kaunti ya Kilifi. Nitasema kirefu, mnivumilie.

Yangu si ya kuigiza. Ni filamu ya maisha halisi, The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ya 2019. Kijana wa Mombasa anapata habari kwamba nyanyake kijijini anaitwa mchawi, na wanaosema ni watu wa familia yake mwenyewe. Anarudi nyumbani kutafuta ukweli, na ukweli unampeleka shambani.

Wasiotoka kwetu wajue hili: pwani yetu wazee wanauawa. Maneno yanaanza chini chini, kuna kifo cha mtoto, kuna ugonjwa usioeleweka, jina la mzee linatajwa. Usiku mmoja anakatwa mapanga. Matangani watu wanasema alikuwa mchawi, na hakuna anayeuliza zile ekari za minazi na mikorosho sasa ni za nani. Ndiyo maana ukipita vijiji vyetu unaweza kukutana na mzee wa miaka themanini mwenye nywele nyeusi ti. Ni rangi ile. Mvi kwetu ni ushahidi.

Niliipeleka kwa hawe yangu, yaani nyanya yangu, kwenye laptop. Nilimngoja mpaka jua lishuke ndipo skrini ionekane, nikaweka kigoda chini ya mkorosho, mashine juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hawe hajasoma na hajawahi kuingia sinema. Alipomsikia yule bibi akizungumza, alisogeza kigoda mbele akamwitikia. Akazungumza naye muda wote, kama vile amepita njiani akamkuta. Bibi akiwa shambani, hawe anamwambia jembe hilo limekwisha makali, mwambie mjukuu akupelekee kwa mhunzi. Nilitaka kumweleza kwamba hasikiki. Nikaacha.

Ndugu walipoanza kukaa na kuyasema yale maneno, hawe akanyamaza. Kwa muda mrefu alikuwa kimya. Kisha akafungua leso kichwani, akainamisha kichwa upande wangu. Juu nywele nyeusi. Chini, kwenye shina, nyeupe upana wa kidole.

"Imekwisha tangu Januari," akaniambia. "Nawe hukuniletea."

Ndugu zangu, nina miaka 31. Tangu niko sekondari, kila nikitoka Mombasa hawe ananiagiza sukari, majani ya chai na rangi ya nywele. Nilidhani ni urembo wa kizee, hata nilikuwa namtania. Siku ile nilitembea mpaka barabarani usiku kutafuta duka lililo wazi. Filamu tuliimalizia kesho yake, hawe kichwa kikiwa bado kibichi.

Mpangani

Mjukuu, nimesoma mara tatu. Mungu amlinde hawe. Umesema jambo ambalo mimi sikuweza kulisema: kwamba filamu ya kwenu inaweza kumweleza mtu wa nyumbani kwako kwa kitu ulichokibeba mwenyewe kwenye mfuko.

Mushi

Jambo yenu bote. Miye ni mwana wa Lubumbashi, nilikomalia commune ya Kenya (njo jina yake, haiko inchi ya Kenya), leo niko Bruxelles. Niliangalia Augure ya Baloji, yeye vilevile alizaliwa Lubumbashi. Ilipita Cannes 2023, bakaipatia prix. Ni mambo ya Koffi, anatoka Ubelgiji na fiancée yake mwenye mimba, anaenda kumuonyesha kwabo, familia inamuona mulozi, mchawi, juu ya alama ya ku sura. Na jina Baloji, kwetu inasikika vile: balozi, bantu ya bulozi. Anabeba hiyo jina tangu kuzaliwa, njo akatengeneza nayo filme.

Mambo yangu iko moja tu. Hapa Bruxelles niko na barafiki ya Dar na ya Mombasa, bantu ya muzuri, lakini nikiongea kidogo bananirudilia: hapana, sema hivi, Kiswahili yako imevunjika. Nimezoea. Ku ile filme nilisikia Kiswahili yetu, na hakuna mwenye aliinua mukono juu ya kuikosoa. Mama yangu njo anaongeaka vile. Nilitoka pale nikamupigia simu, na hatukuongea mambo ya filme, nilitaka tu aongee.

Bi Mkunazini

Mwanangu wa Lubumbashi, endelea kuandika hivyo hivyo. Nimekufahamu kila neno.

Dunda

Mimi niko Bagamoyo. Yangu ni tofauti kwa sababu filamu sijaiona.

Miaka tisa iliyopita walikuja watu na kamera, filamu ya kujitegemea, wakaupenda mlango wa nyumba yetu. Marehemu baba alikuwa hai. Walimwomba akae barazani, asifanye lolote, ashone tu nyavu kama kila siku. Baba akakataa kushona zilizotoboka, akaenda ndani akatoa nyavu mpya, akavaa kofia ya Idi. Walirudia mara nne kwa sababu kila wakianza alikuwa anawasalimia. Wakatupa shilingi elfu kumi na ahadi kwamba ikikamilika watakuja kutuonesha. Jina la kampuni silitaji. Hawakurudi.

Baba alifariki mwaka wa pili yake. Picha tulizonazo ni mbili, ya kitambulisho na ya harusi ya dada. Mahali fulani yupo anatembea na mikono inashona, na sisi hatuna.

Mtoto wa Reli

Mkuu Dunda, pole sana. Hiyo si ya kuachia hapo. Una tarehe?

Mpangani

Dunda, ngoja nikupe njia. Kushuti filamu Tanzania kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, na aghalabu watu hupita pia halmashauri na serikali ya mtaa kujitambulisha. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kama wana daftari la wageni la mwaka ule. Ukipata jina la filamu au la mwongozaji, andika barua Bodi. Na usiombe filamu iliyokamilika peke yake. Huenda kipande cha baba kilikatwa. Omba picha ghafi, zile zote walizorudia.

Na wengine, wakija kushuti kwenu, kabla hujafungua mlango waandike kwenye karatasi kwamba mtaoneshwa, wapi na lini, wasaini mbele ya mwenyekiti. Elfu kumi inaliwa siku hiyo hiyo.

Dunda

Narudi na habari, ni siku nne tangu niandike. Daftari la mtaa lipo. Ukurasa umeliwa na mchwa pembeni lakini jina la mpiga picha linasomeka, na namba ya simu ipo imekosa tarakimu ya mwisho. Nimepiga moja moja, kuanzia sifuri. Ya saba akapokea mwenyewe. Anamkumbuka baba. Kabla sijamaliza akauliza, "Yule mzee wa kofia, aliyekuwa anatusalimia?"

Amesema diski za zamani ziko kwenye boksi kwa mama yake Morogoro, anaenda Jumamosi kuziangalia, hajui kama bado zinafunguka.

Nimemwambia mama yangu. Nilitaka nisimwambie mpaka nipate uhakika, ila nimeshindwa. Leo ametoa ile kofia sandukuni, ameifua, ameianika barazani.